Je, Chanjo ya Mapele ya Ngozi ni Salama kwa Ng'ombe?

Chanjo ya mifugo inapotangazwa kijijini, swali la kwanza la wafugaji wengi huwa si bei wala siku, bali ni hili: je, dawa hiyo haitamdhuru ng'ombe? Swali hilo si la ujinga. Chanjo nyingi zinazotumika dhidi ya ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe zina virusi hai ndani yake, na mara nyingine ng'ombe aliyechanjwa siku ya Jumatatu huonekana na mapele wiki hiyo hiyo. Mfugaji aliyeona jambo hilo kwa macho yake hawezi kuridhishwa kwa kuambiwa tu kwamba wataalamu wanajua. Hapana budi aelezwe wataalamu hao wanajuaje.

Makala haya yanaeleza ugonjwa huo na chanjo zake, kisha yanaonyesha jinsi sayansi inavyoupima usalama wa chanjo. Mwalimu wa biolojia, kilimo au hisabati anaweza kuyatumia darasani, kwa kuwa mwishoni yamewekwa maswali ya kujipima.

1. UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1929, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walionekana ng'ombe walioota mapele magumu mwili mzima. Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kuwa walikula mimea yenye sumu, au kwamba ngozi zao zilidhurika kwa kuumwa na wadudu. Dhana hizo ziliporomoka ugonjwa ulipofika Botswana mwaka 1943 na Afrika ya Kusini mwaka 1944. Watafiti wa Afrika ya Kusini walichukua vipande vya mapele ya ng'ombe wagonjwa, wakavisaga, wakawadunga ng'ombe wazima maji yake, na hao wazima wakaugua. Hivyo ilithibitika kuwa huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Kufikia mwaka 1949 ng'ombe wapatao milioni 8 walikuwa wameathirika katika Afrika ya Kusini peke yake.

Tangu hapo ugonjwa umesafiri mbali. Ulionekana Kenya mwaka 1957, Sudan mwaka 1971 na Nigeria mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 ulizuka Tanzania, na mwaka 1988 ulifika Misri. Baada ya hapo ulivuka mipaka ya Afrika: Israel mwaka 1989, Uturuki mwaka 2013, Ugiriki mwaka 2015, na mwaka 2019 ukaingia Bangladesh, India na China. Mwaka 2025 uliingia Italia na Ufaransa. Ugonjwa uliodhaniwa zamani kuwa wa Afrika peke yake sasa ni tatizo la mabara matatu.

Dalili zake ni homa kali inayoweza kupita nyuzi 40.5 za Selisiasi, kutokwa na machozi na kamasi, kuvimba kwa tezi, na baadaye mapele ya mviringo yenye upana wa sentimeta 2 hadi 5. Mapele hayo hayako juu ya ngozi tu, bali huzama hadi chini yake. Maziwa hupungua ghafula, ng'ombe wenye mimba huweza kuitupa, na mafahali huweza kuwa tasa kwa muda au kwa maisha yao yote. Pele likioza huacha shimo, na ngozi ya ng'ombe huyo hupoteza thamani kiwandani. Kwa kawaida wanaokufa ni asilimia 1 hadi 5, lakini wanaougua huweza kuwa asilimia 10 au 20 ya kundi, na pengine zaidi. Kwa hiyo hasara kubwa haiko katika vifo peke yake. Iko pia katika maziwa, ndama na ngozi ambazo mfugaji hatazipata tena.

Yafaa ikumbukwe kuwa binadamu haambukizwi ugonjwa huu, wala kwa kumgusa ng'ombe mgonjwa wala kwa kunywa maziwa yake. Hata hivyo maziwa yote yachemshwe, kwa sababu ya magonjwa mengine kama vile kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba.

2. VIRUSI NA NJIA ZAKE

Kisababishi ni kirusi cha jamii ya ndui. Ndugu zake wa karibu kabisa ni kirusi cha ndui ya kondoo na kirusi cha ndui ya mbuzi. Mpangilio wa jeni za virusi hivi vitatu hufanana kwa takriban asilimia 97, na kwa sababu hiyo mnyama aliyepata kinga dhidi ya kimoja hupata pia kiasi fulani cha kinga dhidi ya vingine. Jambo hili litakuwa na maana kubwa katika sehemu zinazofuata.

Virusi huenezwa zaidi na wadudu wanyonyao damu: inzi wang'atao wa mazizini, mbu na kupe. Mdudu humng'ata ng'ombe mgonjwa, mdomo wake ukachafuka kwa virusi, kisha huvipeleka kwa ng'ombe wa pili. Kwa maneno mengine, mdomo wa inzi hufanya kazi ya sindano chafu. Vilevile virusi huweza kuishi siku 35 na zaidi katika magamba makavu ya mapele, na huweza kupatikana katika shahawa za fahali aliyeugua.

Tangu siku virusi vinapoingia mwilini hadi dalili zinapoonekana hupita siku kadhaa, na pengine wiki nne. Muda huo huitwa kipindi cha uatamizi. Katika muda huo ng'ombe huonekana mzima ingawa tayari ameambukizwa.

3. CHANJO HAI HUTENGENEZWAJE?

Mwaka 1796 Edward Jenner, daktari wa Uingereza, alionyesha kwamba mtu aliyepandikizwa ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa hafifu kwa binadamu, hukingika na ndui ya binadamu iliyokuwa ikiua. Hiyo ndiyo kanuni ya chanjo hai: mwili huonyeshwa adui dhaifu ili ujifunze kupigana na adui mwenye nguvu. Chembe nyeupe za damu humtambua adui huyo, hutengeneza kingamwili dhidi yake, na kumkumbuka kwa muda mrefu.

Chanjo iliyotumika zaidi dhidi ya mapele ya ngozi hutokana na kirusi kiitwacho Neethling, kilichopatikana Afrika ya Kusini. Watafiti wa Onderstepoort walikikuza kirusi hicho katika seli za figo za mwanakondoo mara 61 mfululizo, kisha wakakikuza ndani ya mayai ya kuku yenye viinitete mara 20. Kila kilipohamishwa, kirusi kilizidi kuyazoea mazingira hayo mapya na kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kumdhuru ng'ombe. Mwishoni kilibaki hai, kikiweza kuzaana kidogo tu katika mwili wa ng'ombe: kiasi cha kuamsha kinga, lakini si kiasi cha kuleta ugonjwa.

Njia hiyo hiyo ya kukikuza kirusi mara nyingi katika seli hadi kidhoofike ndiyo iliyomwezesha Walter Plowright na wenzake, huko Muguga nchini Kenya, kutengeneza chanjo ya sotoka. Kwa msaada wa chanjo hiyo sotoka ilifutika kabisa, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo.

Njia ya pili ni kutumia undugu uliotajwa hapo juu, yaani kumchanja ng'ombe kwa kirusi cha ndui ya kondoo au cha ndui ya mbuzi kilichodhoofishwa. Njia ya tatu ni chanjo mfu, ambayo virusi vyake vimekwisha kuuawa. Hiyo haiwezi kuzaana mwilini, lakini kinga yake ni ya muda mfupi na huhitaji kurudiwa mara kwa mara.

4. MADHARA YANAYOJULIKANA

Ni kosa kusema kwamba chanjo hai haina madhara yoyote. Kirusi kilichodhoofishwa kingali kirusi, na mwili wa ng'ombe hupambana nacho. Baada ya kuchanjwa ng'ombe huweza kupata homa ndogo ya siku chache. Huweza kuvimba mahali alipodungwa sindano, na uvimbe huo ni dalili kwamba chanjo imeshika. Ng'ombe wa maziwa huweza kupunguza maziwa kwa muda mfupi.

Wachache huota mapele madogo katika wiki mbili za kwanza hivi. Mapele ya chanjo hutofautiana na yale ya ugonjwa wenyewe: ni madogo, yako juu juu ya ngozi, hayaozi wala kuacha mashimo, na hutoweka yenyewe katika wiki mbili au tatu. Hata hivyo jicho peke yake huweza kudanganyika. Penye shaka, sampuli ya pele hupelekwa maabara, ambako jeni za kirusi huchunguzwa ili kujua kama ni kirusi cha chanjo au ni kile cha porini.

Ng'ombe wenye mimba huweza kuchanjwa. Ndama wa mama aliyechanjwa husubiri hadi afikishe umri wa miezi 3 hadi 6, kwa kuwa kingamwili alizozipata katika maziwa ya kwanza ya mama yake huweza kukiua kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi yake. Ndama wa mama asiyechanjwa huweza kuchanjwa wakati wowote. Ng'ombe aliyekwisha kuonyesha dalili za ugonjwa hachanjwi.

5. JINSI USALAMA UNAVYOPIMWA

Kuona ng'ombe mmoja, au hata kumi, hakutoshi kuamua kama chanjo ni salama. Hapana budi wanyama wengi wagawanywe katika makundi bila upendeleo, kila kundi lipewe chanjo yake, kisha wote wafuatiliwe kwa muda ule ule na katika mazingira yale yale.

Jaribio zuri la namna hii lilifanywa Israel wakati wa mlipuko wa mwaka 2012 na 2013. Ng'ombe wa maziwa 4,694 wa makundi 15 waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa chanjo ya Neethling, na wengine chanjo ya ndui ya kondoo kwa dozi iliyozidishwa mara 10.

Matokeo yake yanafaa kutafakariwa kwa makini. Kati ya waliopewa Neethling, asilimia 0.38 walipata mapele yaliyosababishwa na chanjo yenyewe, yaani chini ya ng'ombe 4 katika kila 1,000. Kati ya waliopewa chanjo ya ndui ya kondoo hakupatikana hata mmoja. Msomaji anayeishia hapo atasema kwamba chanjo ya ndui ya kondoo ndiyo salama zaidi.

Lakini virusi vya porini vilipofika, ng'ombe waliopewa chanjo ya ndui ya kondoo waliugua karibu mara 2.6 zaidi ya wale wa Neethling, na waliougua vibaya walikuwa takriban mara 11 zaidi. Basi ile chanjo iliyoonekana kuwa pole siku ya kuchanja ndiyo iliyowaacha ng'ombe wengi wakiteseka baadaye. Aidha, haikuonekana kwamba kirusi cha chanjo ya Neethling kilihama kutoka kwa waliochanjwa na kuwaingia wasiochanjwa.

Funzo la jaribio hilo ni kwamba usalama wa chanjo haupimwi kwa madhara yake peke yake. Hupimwa kwa kuyalinganisha madhara hayo na yale ambayo chanjo huyazuia.

6. HESABU YA HASARA MBILI

Ulinganisho huo huweza kufanywa kwa hesabu. Tuchukue wilaya ya kubuni yenye ng'ombe 10,000, ambako ugonjwa umeingia. Tuseme kuwa pasipo chanjo asilimia 10 wataugua, na asilimia 2 ya wote watakufa.

Bila chanjo: wagonjwa ni 1,000, na kati yao watakaokufa ni 200.

Kwa upande wa chanjo twahitaji makadirio mawili. La kwanza ni madhara, nalo tutalichukua kutoka katika jaribio la Israel, yaani asilimia 0.38. La pili ni nguvu ya chanjo. Katika nchi za Balkani huko Ulaya ilihesabiwa kwamba chanjo ya Neethling ilipunguza maambukizo kwa wastani wa takriban asilimia 80.

Kwa chanjo: watakaopata mapele madogo ya chanjo ni 38. Watakaougua ugonjwa wenyewe ni 200, na watakaokufa ni 40.

Kwa hiyo ng'ombe 38 wamesumbuliwa kwa wiki chache, na kwa upande wa pili ng'ombe 800 wameokolewa na ugonjwa, wakiwamo 160 waliookolewa na kifo. Ni dhahiri kuwa mizani imelalia upande wa chanjo.

Lakini hesabu hiyo hiyo huweza kuleta jibu tofauti mahali pengine. Katika nchi iliyo mbali na ugonjwa, wale 38 watasumbuka bila faida yoyote. Kwa sababu hiyo nchi huru hazikimbilii kuchanja, hasa kwa kuwa vipimo vya damu vya kawaida haviwezi kumtofautisha ng'ombe aliyechanjwa na aliyeugua, na nchi zinazonunua mifugo huweza kufunga milango yao. Baina ya hali hizo mbili kuna nchi iliyo huru lakini jirani yake anaungua. Kroatia ilikuwa katika hali hiyo mwaka 2016. Iliamua kuchanja kabla ugonjwa haujaingia, ikakubali usumbufu wa mapele machache ya chanjo na vikwazo vya biashara, na ugonjwa haukuingia.

Katika eneo zima la kusini-mashariki ya Ulaya, zaidi ya ng'ombe milioni 2.5 walichanjwa. Milipuko iliyoripotiwa ilikuwa 7,483 mwaka 2016, ikashuka hadi 385 mwaka 2017, na mwaka 2018 nchi za Balkani hazikuripoti hata mmoja.

7. "AMECHANJWA, KISHA AKAUGUA"

Sasa turudi kwa mfugaji aliyeona mapele baada ya chanjo. Hoja yake ni kwamba jambo la pili limefuata la kwanza, basi la kwanza ndilo lililoleta la pili. Jogoo huwika na jua likachomoza, lakini si jogoo alileteaye jua.

Mambo mawili huchanganyika hapa. Kwanza, kinga ya chanjo huanza kujengeka baada ya siku 10 hivi, na hukamilika baada ya wiki tatu. Pili, kipindi cha uatamizi huweza kufika wiki nne. Mara nyingi chanjo hupelekwa kijijini baada ya ugonjwa kuonekana jirani, na wakati huo baadhi ya ng'ombe wanaoonekana wazima wamekwisha kung'atwa na inzi wenye virusi. Ng'ombe wa namna hiyo ataugua, awe amechanjwa au hakuchanjwa. Chanjo haikumwuguza, ila ilimfikia ikiwa imechelewa.

Njia ya kuamua ni ile ile ya ulinganisho. Je, ng'ombe wasiochanjwa wa kijiji hicho nao wanaugua siku hizo hizo, na kwa kiasi gani? Je, mapele ni makubwa na yamezama, au ni madogo ya juu juu? Je, maabara inasemaje? Asiyeuliza maswali haya huweza kuilaumu chanjo isiyo na hatia, na mwaka ujao akakataa kuchanja kundi lake lote.

8. PALE CHANJO ILIPOKUWA NA KASORO

Haki inataka pia isemwe kwamba kuna wakati malalamiko dhidi ya chanjo yalikuwa ya kweli. Mifano miwili inatosha.

Wa kwanza ni wa Kenya. Kwa miaka mingi kirusi kiitwacho O-240 kilitumika kama chanjo ya ndui ya kondoo na mbuzi, na baadaye kikatumika pia kwa ng'ombe kwa kutegemea undugu wa virusi. Ilionekana kwamba baadhi ya ng'ombe waliochanjwa kwa kirusi hicho waliugua. Jeni zake zilipochunguzwa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa O-240 hakikuwa kirusi cha kondoo wala cha mbuzi, bali ni kirusi chenyewe cha mapele ya ngozi ya ng'ombe. Kiasi alichodhoofishwa kilitosha kwa kondoo na mbuzi, ambao hawakidhuriki nacho sana, lakini hakikutosha kwa ng'ombe. Jina lililoandikwa kwenye chupa halikulingana na kilichokuwamo ndani, na kosa hilo lisingegunduliwa kwa macho.

Wa pili ni wa Asia. Mwaka 2017, katika jimbo la Saratov nchini Urusi, kilipatikana kirusi cha ajabu, chenye vipande vya jeni vya kirusi cha chanjo vilivyochanganyika na vya kirusi kingine. Virusi vya aina hiyo vilionekana baadaye China, Vietnam na Thailand. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 uligundua kwamba chanjo moja iliyokuwa imetumika katika nchi jirani ya Kazakhstan haikuwa safi: ndani yake mlikuwa na mchanganyiko wa kirusi cha Neethling, kirusi cha aina ya Kenya na kirusi cha ndui ya mbuzi. Virusi viwili vikikutana ndani ya seli moja huweza kubadilishana vipande vya jeni, kikazaliwa kirusi cha tatu. Jeni za mchanganyiko huo zilifanana na zile za virusi vilivyokuwa vikienea.

Mifano hii haithibitishi kwamba chanjo ni mbaya. Inathibitisha kwamba neno "chanjo" si jina la kitu kimoja. Neethling iliyo safi na iliyodhoofishwa vema ni kitu kingine kabisa na mchanganyiko usiokaguliwa. Kwa hiyo kila kundi la chupa linalotoka kiwandani hapana budi likaguliwe: ni kirusi gani, kiko peke yake au kimechanganyika, ni kingi kiasi gani, na je, hakina vimelea vingine? Nchi isiyo na maabara ya kukagua chanjo inazozinunua huweka imani yake katika karatasi ya muuzaji.

9. USALAMA MIKONONI MWA MCHANJAJI

Hata chanjo bora huweza kuharibiwa njiani au zizini. Mambo yafuatayo yazingatiwe.

(a) Sindano. Kila ng'ombe achomwe kwa sindano yake. Sindano moja ikitumika kwa kundi zima, na ng'ombe mmoja akiwa katika kipindi cha uatamizi, mchanjaji huifanya kazi ya inzi kwa ustadi kuliko inzi mwenyewe. Hapo ugonjwa utaenea kweli baada ya chanjo, na lawama itaiangukia chupa badala ya sindano.

(b) Baridi. Chanjo ihifadhiwe katika nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi tangu kiwandani hadi zizini, na isipigwe na jua. Ikisha kuchanganywa na maji yake maalumu itumike katika muda wa saa chache, na itakayobaki itupwe kama inavyoelekezwa. Chanjo iliyopata joto haimdhuru ng'ombe, lakini humdanganya mwenyewe, kwa sababu ataamini kwamba kundi lake lina kinga ambayo halina.

(c) Dawa za kuua vijidudu. Bomba la sindano lisisafishwe kwa dawa hizo. Mabaki yake huua virusi vya chanjo. Maji yaliyochemka yanatosha.

(d) Wakati. Chanjo itolewe kabla ya msimu wa mvua, ambapo inzi na mbu huwa wengi, na irudiwe kila mwaka. Ng'ombe wanaohamishwa au kununuliwa wachanjwe siku 28 kabla ya safari.

(e) Kundi zima. Kuchanja ng'ombe wachache wa mwenye uwezo na kuwaacha wa jirani huviachia virusi njia ya kupita. Kuogesha mifugo katika majosho na kupunguza inzi husaidia, lakini hakushiki nafasi ya chanjo.

HITIMISHO

Je, chanjo ya mapele ya ngozi ni salama? Jibu la sayansi ni hili: chanjo iliyodhoofishwa ipasavyo, iliyo safi, iliyotunzwa katika baridi na kutolewa kwa sindano safi kwa ng'ombe wazima, ina madhara machache, madogo na ya muda, na mahali penye ugonjwa hasara inayozuia ni kubwa mara nyingi kuliko hasara inayoleta. Sharti moja likikosekana, jibu hilo hubadilika. Mfugaji anayeuliza ni chanjo gani, imetoka wapi, imehifadhiwaje, na sindano ni ngapi, si mkaidi. Anauliza maswali yale yale ambayo mtafiti huyauliza, na afisa mifugo hana budi kuwa na majibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini kirusi cha ndui ya kondoo huweza kumkinga ng'ombe kwa kiasi fulani dhidi ya mapele ya ngozi.

2. Kijiji kimoja kilichanja ng'ombe 500 tarehe 1 Machi. Kati ya tarehe 4 na 9 Machi, ng'ombe 12 kati yao waliota mapele makubwa yaliyozama. Siku hizo hizo, kati ya ng'ombe 300 wasiochanjwa wa kijiji hicho, 9 waliota mapele kama hayo. Tafuta asilimia ya wagonjwa katika kila kundi. Je, ni haki kuilaumu chanjo? Ni habari gani zaidi unayoihitaji?

3. Rudia hesabu ya sehemu ya 6 ukichukulia kwamba pasipo chanjo asilimia 1 tu ya ng'ombe wangeugua, na kwamba mmoja katika kila wagonjwa 5 hufa. Je, uamuzi unabadilika? Ugonjwa ukiwa haba kiasi gani ndipo idadi ya wanaopata mapele ya chanjo italingana na idadi ya wanaookolewa wasiugue?

4. Katika jaribio la Israel, kwa nini ng'ombe waligawanywa kwa kura, badala ya kuwaachia wafugaji wachague chanjo waliyoipenda?

5. Tembeleeni zizi au josho lililo karibu na shule. Mwulizeni mfugaji au afisa mifugo chanjo huhifadhiwa vipi tangu inapopokewa hadi inapotumika. Chora njia hiyo, na uonyeshe mahali ambapo baridi huweza kukatika.